Mchochota wa ghafla wa kongosho: mwongozo kamili wa kubaini na kuzuia matatizo kwa mgonjwa aliyelazwa

Mgonjwa hupokelewa usiku akiwa na maumivu makali ya chembe cha moyo yanayopenya hadi mgongoni, anatapika, na majibu ya maabara yanaonyesha lipesi (kimeng'enyo cha kongosho kinachopimwa kwenye damu) iliyopanda mara tano. Anatundikiwa dripu, anachomwa sindano ya maumivu, na kunapopambazuka anasema amepata nafuu. Siku ya pili jioni ndugu yake anakuja mbio kwenye meza ya wauguzi kusema kwamba mgonjwa anahema kama mtu aliyepanda mlima. Fomu ya uangalizi ikifunguliwa, habari yote imo humo tangu asubuhi: upumuaji 22, kisha 26, kisha 30, mkojo mililita 40 kwa saa, kisha 25, kisha 15. Kilichokosekana ni mtu wa kuzisoma namba hizo kwa mfuatano na kufanya uamuzi.

Mwongozo huu ni wa wauguzi, matabibu na madaktari wanaomhudumia mgonjwa wa namna hiyo katika wodi ya kawaida ya hospitali ya wilaya au ya mkoa. Dawa, dozi na rufaa huamuliwa na daktari anayemhudumia mgonjwa. Kazi ya mwongozo ni kuonyesha nini kiangaliwe, lini, na namba ipi iwe kengele.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Fomu moja ya uangalizi inayokaa kitandani, yenye nafasi ya mapigo ya moyo, presha, upumuaji, joto, oksijeni, mkojo, maji yaliyoingia na kiwango cha maumivu.
- Mashine ya presha, kipimajoto, kipima oksijeni cha kidoleni na saa yenye mshale wa sekunde.
- Mizani. Bila uzito wa mgonjwa hesabu ya dripu inakuwa ya kubahatisha.
- Mpira wa mkojo na mfuko wenye alama za mililita zinazosomeka.
- Chupa za Ringer lakteti (maji ya dripu yenye chumvichumvi), seti ya dripu ambayo unajua inatoa matone mangapi kwa mililita, na oksijeni inayofanya kazi.
- Vipimo vya damu: yurea na kreatinini (taka ambazo figo huzitoa), picha kamili ya damu pamoja na hematokriti (sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu), sukari, kalsiamu, vipimo vya ini, na kipimo cha malaria.
- Mofini au dawa nyingine ya maumivu ya nguvu hiyo, na kalsiamu glukoneti.
- Mpira wa kulishia wa puani.
- Namba ya simu ya daktari wa upasuaji na ya hospitali ya rufaa, zikiwa zimeandikwa kwenye fomu yenyewe na si kwenye simu ya mtu aliyekwenda nyumbani.

Jambo dogo lililowahi kunipotezea saa nzima: andikeni muda kwa mfumo wa saa 24. Katika wodi zetu mmoja huandika "saa 8" akimaanisha saa nane mchana, na mwenzake huandika "saa 8" akimaanisha asubuhi kwa saa ya Kiingereza. Mfuatano wa mkojo ukivurugika kwa namna hiyo, hakuna awezaye kusema figo zilianza kushindwa lini.

## Hatua ya 1: Thibitisha ugonjwa na weka namba za kuanzia

Ugonjwa huthibitishwa kwa mambo mawili kati ya matatu: maumivu yanayofanana na yale niliyoyaeleza hapo juu, lipesi au amilesi (kimeng'enyo kingine cha kongosho) iliyozidi kiwango cha juu cha kawaida angalau mara tatu, na picha inayoonyesha kongosho lililovimba. Amilesi peke yake inaweza kudanganya, kwa kuwa hupanda pia pale kidonda cha tumbo kinapotoboka au utumbo unapoziba. Ikiwa tumbo ni gumu kama ubao, piga eksirei ya kifua mgonjwa akiwa wima na utafute hewa chini ya kiwambo (msuli unaotenganisha kifua na tumbo) kabla ya kutulia na jina la kongosho.

Muulize mgonjwa maumivu yalianza lini hasa, kisha uandike siku na saa hiyo juu kabisa ya fomu. Saa zote zitakazotajwa huko mbele zina maana tofauti kwa mtu aliyefika saa nne tu baada ya maumivu kuanza na kwa yule aliyekaa zahanati siku mbili.

Sasa pima vyote vilivyomo kwenye orodha na uhesabu alama tano za hatari, kila moja ikiwa na thamani ya moja: yurea iliyozidi milimoli 8.9 kwa lita, kuchanganyikiwa, umri uliozidi miaka 60, maji kwenye utando wa mapafu, na dalili za mwili mzima kuwaka. Hizo za mwisho huhesabiwa kuwapo iwapo mgonjwa ana angalau mbili kati ya hizi: joto juu ya 38 au chini ya 36, mapigo ya moyo zaidi ya 90, upumuaji zaidi ya 20 kwa dakika, na chembe nyeupe za damu zaidi ya 12,000 au chini ya 4,000 kwa maikrolita. Mwenye alama 3 au zaidi yuko kwenye hatari kubwa ya kufa, na mazungumzo ya rufaa yaanze siku hiyohiyo.

Lipesi imemaliza kazi yake hapa. Kimo chake hakionyeshi ukali wa ugonjwa, wala kushuka kwake hakuonyeshi kupona. Fedha ya kuirudia kila asubuhi itumike kupima yurea na hematokriti, kwa sababu hizo mbili zikipanda ndani ya saa 24 za kwanza zinaashiria kwamba maji ya mwilini yanavuja kutoka kwenye mishipa na kongosho linakosa damu.

## Hatua ya 2: Toa maji kwa kipimo

Kwa miaka mingi tulifundishwa kwamba mgonjwa wa kongosho "azamishwe" kwa dripu. Mwaka 2022 utafiti uliofanyika katika nchi nne ulilinganisha dripu nyingi na dripu ya wastani, ukasimamishwa kabla ya wakati kwa sababu asilimia 20.5 ya waliopewa nyingi walizidiwa na maji mwilini, dhidi ya asilimia 6.3 ya waliopewa wastani, na ile nyingi haikuwa imewapa faida.

Kipimo cha wastani ni hiki. Ikiwa mgonjwa amekaukiwa maji, anza na mililita 10 kwa kila kilo kwa muda wa saa mbili. Ikiwa hajakaukiwa, ruka sehemu hiyo. Kisha endelea na mililita 1.5 kwa kilo kwa saa. Mtu wa kilo 60 aliyekaukiwa atapata mililita 600 kwanza, halafu mililita 90 kila saa, ambazo kwa seti ya matone 20 kwa mililita ni matone 30 kwa dakika. Hesabu matone kwa saa yako kila unapopita, maana ndugu hugeuza mgonjwa, mkono hukunjwa, na dripu husimama au hukimbia bila mtu kujua.

Rudia uchunguzi baada ya saa 3, 12, 24, 48 na 72. Sikiliza mapafu sehemu za chini, tazama mishipa ya shingo, bonyeza miguu. Sauti za mchakacho mapafuni au oksijeni inayoshuka ni amri ya kupunguza dripu, hata kama karatasi ya maagizo bado inasema iendelee. Mgonjwa akishaanza kula na kunywa vizuri, dripu iondolewe.

Umefaulu pale mkojo unapozidi mililita 0.5 kwa kilo kwa saa, yaani zaidi ya mililita 30 kwa mtu huyo wa kilo 60, mapigo ya moyo yanapopungua, na yurea na hematokriti zinaposhuka ifikapo kesho yake.

Namba ya juu ya presha ikibaki chini ya 90 baada ya maji ya mwanzo, usiendelee kuongeza chupa. Mgonjwa huyo anahitaji dawa za kupandisha presha na kitanda cha wagonjwa mahututi.

## Hatua ya 3: Tuliza maumivu ipasavyo

Mgonjwa mwenye maumivu hapumui kwa kina, sehemu za chini za mapafu hujifunga, na kesho yake ana nimonia. Kwa hiyo dawa ya maumivu inalinda mapafu. Ule woga wa zamani kwamba mofini hubana mlango wa mrija wa kongosho haujaonyeshwa kuwa na madhara kwa wagonjwa. Diklofenaki iepukwe pale mkojo unapokuwa mdogo au kreatinini inapopanda, kwani huziongezea figo mzigo.

## Hatua ya 4: Linda mapafu, figo na moyo kwa saa 72

Hii ndiyo hatua inayookoa watu, nayo ndiyo inayofanywa kwa haraka kuliko zote. Kongosho lililowaka humwaga ndani ya damu kemikali zinazoifanya mishipa midogo ivuje mwili mzima. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kufa kwa mapafu au figo huku tumbo lake likiwa halina hata tone la usaha. Vifo vya wiki mbili za mwanzo kwa sehemu kubwa hutokana na njia hii.

Pima kila baada ya saa 4, na mkojo kila saa. Upumuaji uhesabiwe dakika nzima, mkono ukiwa kifuani kwa mgonjwa; fomu ambayo kila mstari wake unasema "20" ni fomu iliyojazwa kutoka mezani.

Mapafu. Oksijeni ikishuka chini ya asilimia 94, mpe oksijeni, muinue kichwa na umwite daktari. Swali muhimu zaidi ni kama anahitaji oksijeni nyingi zaidi kuliko jana. Maji kwenye utando wa pafu la kushoto ni ya kawaida katika ugonjwa huu, lakini eksirei iliyotanda weupe pande zote mbili, kwa mgonjwa ambaye oksijeni yake haipandi, ni dalili ya mapafu kushindwa.

Figo. Mkojo chini ya mililita 0.5 kwa kilo kwa saa, kwa saa 6 mfululizo, ni jeraha la figo hadi ithibitike vingine. Hakikisha kwanza mpira haukuziba wala kukunjika. Kreatinini inayozidi maikromoli 170 kwa lita inahesabiwa kuwa kushindwa kwa figo.

Moyo na mishipa. Namba ya juu ya presha iliyo chini ya 90 na isiyopanda kwa maji ni kushindwa kwa mzunguko wa damu.

Akili. Kuchanganyikiwa kunaweza kutoka kwenye upungufu wa oksijeni, sukari iliyoshuka au kupanda, au maambukizi. Kwa mtu aliyezoea pombe, kutetemeka na kuona vitu visivyokuwepo siku ya pili au ya tatu ni mwili unaodai pombe. Apewe vitamini B1 kabla ya dripu ya sukari, na dawa ya kutuliza kwa uangalizi.

Kiungo chochote kati ya mapafu, figo na mzunguko wa damu kikishindwa, andika saa. Kikirejea kabla ya saa 48, ugonjwa ni wa ukali wa kati. Kikipita saa 48 bila kurejea, ni mkali, kwa mujibu wa mgawanyo wa kimataifa uliorekebishwa mwaka 2012. Kwa maoni yangu hospitali isiyo na mashine ya kupumulia wala ya kusafisha figo isisubiri saa hizo 48 zitimie: saa 12 za kwanza zisizo na mwelekeo mzuri zinatosha kumsafirisha mtu akiwa bado na nguvu za safari.

## Hatua ya 5: Pima mgandamizo ndani ya tumbo

Wodi nyingi huiruka hatua hii kwa kudhani inahitaji mashine. Tumbo lililojaa maji na utumbo uliovimba hubana figo na kuzuia kiwambo kushuka, hivyo mkojo hukauka na pumzi hufupika, nasi kwa kutojua tunaongeza dripu na kulijaza tumbo zaidi. Mpime mgonjwa mwenye tumbo linalozidi kukakamaa na mkojo unaopungua.

1. Mlaze chali bila mto mrefu, baada ya kumpa dawa ya maumivu, kwa sababu misuli iliyokaza hupandisha namba.
2. Toa mkojo wote, kisha ingiza maji safi ya chumvi yasiyozidi mililita 25 kupitia mpira wa mkojo kwa mikono na vifaa visivyo na vijidudu.
3. Inua mrija wazi wima. Sifuri ya rula iwe usawa wa mfupa wa nyonga, kwenye mstari wa katikati ya kwapa.
4. Subiri hadi dakika moja, kisha soma kimo cha maji mgonjwa anapomaliza kutoa pumzi.
5. Gawanya sentimita hizo kwa 1.36 kupata milimita za zebaki.

Sentimita 16 za maji ni takriban milimita 12, mahali mgandamizo unapoanza kuwa wa juu. Sentimita 27 ni takriban 20. Namba hiyo ikizidi na kuendelea hivyo, pamoja na kiungo kipya kilichoshindwa, ni dharura. Punguza dripu, pitisha mpira wa puani utoe hewa na majimaji ya tumboni, imarisha dawa ya maumivu, na mpigie daktari wa upasuaji. Kupasua tumbo ili lipumue ni hatua ya mwisho.

## Hatua ya 6: Sukari na kalsiamu

Pima sukari kila baada ya saa 6 katika siku za mwanzo, kwa kuwa kongosho ndilo linalotoa insulini. Kalsiamu hushuka kwa sababu mafuta yaliyomeng'enywa kuzunguka kongosho hushikana nayo na kutengeneza kitu kama sabuni. Ganzi mdomoni, vidole vinavyojikunja au degedege ni sababu ya kutoa kalsiamu glukoneti ya asilimia 10, mililita 10 polepole kwa dakika 10, moyo ukifuatiliwa. Isichanganywe na antibiotiki ya seftriaksoni kwenye mrija mmoja. Kalsiamu iliyo chini kidogo bila dalili, kwa mgonjwa mwenye albumini (protini ya damu) ndogo, mara nyingi haihitaji sindano.

## Hatua ya 7: Mlishe mapema

Kibao cha "Asile kitu" huwekwa siku ya kwanza na husahauliwa hadi siku ya sita. Utumbo usiopata chakula hudhoofika ukuta wake, na bakteria waliomo hupenya hadi kwenye nyama ya kongosho iliyokufa. Kumfungisha mgonjwa kwa siku nyingi ni kuyaandalia maambukizi njia.

Mgonjwa asiyetapika, hata kama maumivu hayajaisha kabisa, apewe chakula laini chenye mafuta kidogo ndani ya saa 24 hadi 48: uji, wali laini, viazi vilivyopondwa, ndizi za kuchemsha. Si lazima aanze na maji matupu kwa siku mbili. Zungumza na ndugu mapema, kwa upole, kwamba supu ya mifupa yenye mafuta yanayoelea, waliyoiamkia alfajiri kwa mapenzi, kwa sasa itamrudisha nyuma.

Ikiwa kufikia siku ya tatu au ya nne hawezi kula, alishwe kwa mpira wa puani. Lishe ya mshipani ibaki kwa yule ambaye utumbo wake umekataa kabisa.

## Hatua ya 8: Zuia mkono unaokimbilia antibiotiki

Homa ya wiki ya kwanza kwa kawaida ni mwako wa ugonjwa wenyewe, na antibiotiki za kinga hazijaonyesha kupunguza vifo. Zinachofanya ni kuacha fangasi na bakteria sugu, wale utakaokutana nao wiki ya tatu.

Hata hivyo, tafuta chanzo kingine kila homa inapopanda: malaria, sehemu ya dripu iliyovimba, mkojo, nimonia. Homa pamoja na macho ya njano na maumivu ya ubavu wa juu kulia ni maambukizi ya njia ya nyongo; hapo antibiotiki ni lazima, na mgonjwa apelekwe panapofanyika endoskopi (mpira wenye kamera unaopitishwa mdomoni) ya kuzibua mrija, ikiwezekana ndani ya saa 24.

## Hatua ya 9: Wiki ya pili na kuendelea

Jihadhari na mgonjwa aliyekuwa anapona. Akirudiwa na homa, na mapigo ya moyo na chembe nyeupe vikapanda tena baada ya siku kama kumi, fikiria kwamba sehemu ya kongosho iliyokufa imeingiwa na bakteria. Wakati huu picha ya CT yenye dawa ya kung'arisha ina thamani kubwa, nayo ikionyesha mapovu ya hewa ndani ya tishu iliyokufa, jibu limepatikana. Picha iliyopigwa siku ya kwanza mara nyingi haionyeshi ukubwa wa sehemu iliyokufa. Isipokuwa kama ugonjwa wenyewe una shaka, ingoje saa 72 hadi 96.

Antibiotiki sasa zina kazi. Zichaguliwe zinazopenya kongosho, kama meropenemu, au siprofloksasini pamoja na metronidazo.

Upasuaji wa haraka ni kosa kubwa. Tishu inahitaji kama wiki 4 kujizungushia ukuta. Kabla ya hapo daktari hukuta tope lisilo na mipaka, na mgonjwa hutokwa damu. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba kuanza na mrija wa kutoa usaha, na kupasua iwapo tu mrija haukutosha, kulipunguza matatizo makubwa. Mwingine wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba miongoni mwa waliosubirishwa, asilimia 39 walipona kwa antibiotiki bila hata mrija. Mgonjwa ambaye viungo vyake vinaporomoka hasubiri kalenda, lakini huyo huanza na mrija.

Kifuko cha majimaji kilichojijenga baada ya wiki 4, kisicho na maumivu, homa wala kutapika, kiachwe. Kuchomwa sindano kwa sababu tu kinaonekana kwenye altrasaundi huingiza bakteria mahali palipokuwa safi.

Kutokwa damu. Vimeng'enyo vya kongosho vinaweza kula ukuta wa ateri, hasa ya bandama, ukatoa puto linalopasuka. Damu kidogo kwenye mrija wa kutolea usaha, kutapika damu, au maumivu ya ghafla pamoja na hemoglobini inayoshuka ni onyo linalotangulia mafuriko. Pangilia damu ya kuongezewa, usichomoe mrija, na tafuta hospitali inayoweza kupiga picha ya mishipa na kuiziba kutoka ndani.

## Hatua ya 10: Kabla hajaruhusiwa

Mgonjwa aende nyumbani akiwa anakula bila maumivu, hana homa, na chanzo cha ugonjwa kimeandikwa. Penye mawe ya nyongo na ugonjwa mwepesi, kifuko cha nyongo kiondolewe katika kulazwa kulekule. Kumwambia arudi baada ya miezi miwili ni kumwachia jiwe lingine nafasi ya kushuka. Penye mikusanyiko ya majimaji, upasuaji huo usubiri itulie. Penye pombe, ushauri uanze kitandani. Kama hakuna chanzo, pima mafuta ya trigliseridi na kalsiamu, kagua dawa anazotumia, na tazama altrasaundi upya, ukikumbuka kwamba minyoo ya askarisi inaweza kuziba mrija.

Mpe tarehe ya kupima sukari baada ya miezi mitatu, na umweleze kwamba kinyesi chenye mafuta kinachoelea, pamoja na kukonda, ni dalili ya upungufu wa vimeng'enyo vinavyoweza kutolewa kwa vidonge. Homa, kutapika, tumbo kujaa au kinyesi cheusi vimrudishe hospitali siku hiyohiyo. Nakala ya fomu ya uangalizi iende naye, kwa kuwa atakayempokea mara ijayo huenda akawa katika hospitali nyingine, usiku, bila mtu wa kumuuliza.